Koncheto za Kirusi kwenye diski ya zamani: kuziokoa, kuzitambua, kuzisikiliza

Kompyuta ya mjomba ilikaa zaidi ya miaka kumi kwenye kona ya chumba chake Kirumba, hapa Mwanza, imefunikwa kitenge, juu yake redio, na juu ya redio ua la plastiki. Alipohamia Nyegezi aliniambia niichukue, nikiona haina kazi niwape watu wa vyuma chakavu. Niliibeba kwenye bajaji nimeipakata kama mtoto. Ndani yake nilikuta folda inaitwa MOSCOW, na ndani ya folda hiyo mafaili zaidi ya mia mbili ya muziki. Mengi hayakuwa na jina zaidi ya "Track 01", "Track 02", na mengine yaliandikwa kwa alama ambazo hakuna mtu wa nyumbani aliyeweza kuzisoma.

Mjomba alisoma uhandisi Moscow miaka ya 1980, kwenye kile chuo kilichoanzishwa mwaka 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Mwaka 2005 alirudi huko kwa kozi fupi, akaja na sidii za MP3 za koncheto, muziki wa mpigaji mmoja na okestra nzima, badala ya zawadi. Sisi vijana wake tulishangaa: muziki gani huu hauna mtu anayeimba? Leo nausikiliza karibu kila wiki. Na tangu nianze, nimekutana na watu kadhaa hapa Mwanza wenye hazina za namna hiyo: flashi ya marehemu baba, sidii za mwalimu mstaafu, laptop iliyofia kabatini. Naandika hatua nilizopitia, pamoja na zile nilizokosea, ili usije ukapoteza kilichomo kabla hujakisikia.

Kabla ya yote, usikubali kupigiwa Windows

Ukipeleka kompyuta ya zamani kwa fundi ukasema haiwaki, au inawaka lakini ni nzito, jibu la kwanza huwa "tuipige Windows." Kataa. Kupiga Windows upya mara nyingi huenda pamoja na kufuta diski yote. Niliwahi kupoteza picha zote za harusi ya dada yangu kwa njia hiyo. Nilirudishiwa mashine inayokimbia kama mpya, na tupu kama mpya. Fundi yule hakuwa mtu mbaya. Mimi ndiye sikumwambia ninachotaka. Siku hizi nasema moja kwa moja: "Sihitaji kompyuta iwake, nahitaji vilivyomo kwenye diski." Fundi anayejua kazi akisikia hivyo hubadilisha kabisa namna anavyoishika mashine yako.

Kutoa diski na kuisoma pembeni

Kompyuta iliyokaa miaka bila umeme usiiwashe. Ni salama zaidi kutoa diski yenyewe na kuisoma kupitia kompyuta nyingine. Kwenye kompyuta ya mezani ni skrubu nne tu. Angalia nyuma ya diski: ikiwa na safu mbili za sindano nyembamba, jumla 40 hivi, hiyo ni IDE, aina ya zamani. Ikiwa na vidomo viwili bapa, kila kimoja kimekunjwa kidogo kama herufi L, ni SATA. Kuna adapta za USB zinazosoma aina zote mbili, na fundi mwenye nayo kwa kawaida hukubali ukae kwenye benchi lake ukinakili mwenyewe.

Diski ya kompyuta ya mezani, ile inayoitwa ya inchi 3.5, inataka umeme wake wa volti 12. USB hutoa volti 5, kwa hiyo lazima adapta iwe na chaja yake ya pembeni. Mimi sikulijua hilo, nikahangaika saa nzima nikidhani diski ya mjomba imekufa, kumbe ilikuwa na njaa ya umeme.

Ikishapata umeme, tega sikio. Diski nzima huvuma kwa mfululizo. Ikigonga "ka, ka, ka", kama mtu anayegongagonga kucha mezani, zima papo hapo na usirudie kujaribu; kila mzunguko unaweza kuikwaruza zaidi. Wala usiifungue. Vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi, na hapa kwetu vumbi halikosekani.

Kompyuta ikileta ujumbe kwamba diski lazima ifomatiwe ndipo itumike, bonyeza "Cancel". Mara nyingi mafaili bado yapo, ila ramani ya kuyafikia ndiyo imeharibika. Programu ya bure iitwayo PhotoRec huweza kuyaokota moja moja, ya muziki na ya picha pia. Itakurudishia bila majina, na usithubutu kuyahifadhi kwenye diski ile ile unayookoa, maana utakuwa unaandika juu ya unachokitafuta.

Flashi ambayo folda zimegeuka njia za mkato

Huu ugonjwa kila aliyewahi kuchapisha barua stationery anaujua. Unachomeka flashi, unakuta folda zako zote zimekuwa vialama vidogo vya kilobaiti moja au mbili, ukibofya hakuna kitu. Watu wengi hufomati hapo hapo, na hapo ndipo muziki unapotea. Mafaili hayajaenda popote, kirusi kimeyaficha tu. Usibofye vialama vile. Pitisha kwanza programu ya kuua virusi, kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Badala ya E weka herufi ya flashi yako. Subiri, hata kama dirisha linaonekana limelala. Folda zitarudi. Wakati mwingine utaona folda moja isiyo na jina kabisa. Ifungue, huenda vitu vyako vyote vimetupwa humo.

Sidii

Unyevu wa ziwa huota ukungu mweupe kwenye sidii zilizokaa bila kava. Ifute kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kuanzia tundu la katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, si kwa kuzungusha. Dawa ya meno iache mswakini. Sidii ikikataa kusomeka kwenye mashine moja, jaribu ya pili na ya tatu. Moja ya mjomba ilikataa laptop mbili, ikakubali kompyuta ya mezani ya jirani iliyotumika tangu enzi zile.

Nakala kwanza, kusikiliza baadaye

Najua mkono unawasha. Hata hivyo, usianze kucheza muziki kutoka kwenye diski ya zamani. Nakili folda yote kwanza. Kisha bofya kulia folda ya zamani na ile mpya, angalia "Properties", linganisha idadi ya mafaili na idadi ya baiti. Zikitofautiana hata kidogo, tafuta kilichobaki.

Weka nakala mbili, na moja isikae nyumba moja na nyingine. Yangu ya pili iko Geita kwa dada. Hili si woga wa bure kwa mtu wa Mwanza: ngurumo nyingi za ziwa hili huja usiku, na radi inaweza kupitia waya wa umeme ikaunguza kompyuta pamoja na diski ya nje, ile watu wanaiita eksteno, iliyoachwa imechomekwa. Ukimaliza kunakili, chomoa.

Kuhusu ubora, elewa jambo moja. Dakika moja ya muziki wa sidii bila kubanwa ni kama megabaiti 10. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inaibana mpaka karibu megabaiti 1. Koncheto ya dakika 35 inatoka megabaiti 350 hadi 33 hivi. Kilichotupwa kwenye kubana hakirudi. Kuna watu hubadilisha MP3 kuwa FLAC, aina ya faili isiyotupa chochote cha sauti, wakidhani wanaipandisha daraja. Dagaa aliyekaushwa ukimloweka hawi mbichi tena. Ukiwa na sidii halisi ya muziki, hiyo ndiyo uinakili kwa FLAC. Zilizokwisha kuwa MP3 ziache kama zilivyo.

Nani kapiga nini? Kutambua mafaili yasiyo na jina

Hapa ndipo nilipotumia wiki nzima, na sijutii hata saa moja.

Anza na zile alama za ajabu. Kwenye diski ya mjomba kulikuwa na mafaili yenye jina Ðàõìàíèíîâ na mengine ×àéêîâñêèé. Nilidhani yameharibika. Kumbe ni Kirusi halali kabisa, kimeandikwa kwa mfumo wa herufi uitwao Windows-1251, na kompyuta yangu ilikuwa inakisoma kana kwamba ni herufi za Ulaya Magharibi. Kila herufi ya Kirusi imevaa nguo ya jirani. La kwanza ni Рахманинов, yaani Rachmaninoff. La pili ni Чайковский, Tchaikovsky, wote watunzi wa Kirusi. Na ukiona Êîíöåðò, hiyo ni Концерт, koncheto yenyewe. Nakili neno hilo, libandike kwenye kifaa chochote cha kubadilisha mfumo wa herufi, chagua Windows-1251, na jina litajitokeza.

Kwa yale ya "Track 01", tumia saa. Koncheto nyingi zina sehemu tatu, na urefu wa sehemu hizo ni kama alama ya kidole. Panga mafaili kwa mfuatano wake wa awali, andika dakika, kisha linganisha:

Ukikuta takriban 20, 7 na 7, fikiria koncheto ya kwanza ya piano ya Tchaikovsky. Tatu zinazokaribiana, kila moja kama 11, ni ya pili ya Rachmaninoff. Ukikuta 17, 11 na 14, huenda ni ya tatu yake. Tatu za dakika 9 hivi, na ya kwanza inaanza na klarineti peke yake, ni ya tatu ya Prokofiev. Ikiwa fupi, 7, 7 na 5 au 6, ni ya pili ya Shostakovich. Na kama ni fidla, 18, 6 na 10, ni ya Tchaikovsky. Wapigaji hutofautiana kwa dakika moja au mbili, kwa hiyo urefu unakupa mshukiwa tu. Hakikisha kwa sikio.

Kisha badilisha majina, na anza kila jina kwa tarakimu mbili: 01, 02, 03. Usipofanya hivyo, simu nyingi na redio za magari zitapiga 1, halafu 10, halafu 11, ndipo zije kwenye 2, na koncheto itasikika kama hadithi iliyochanwa kurasa.

Neno moja kuhusu mikwaruzo. Mchakacho mdogo unaosikika mwanzo hadi mwisho, kama mafuta yanayokaanga mbali, si ubovu wa faili. Ni rekodi ya zamani. Rachmaninoff mwenyewe alirekodi koncheto yake ya pili mwaka 1929 na okestra ya Philadelphia, akiwa kwenye piano, na nakala zake huwa na sauti hiyo. Faili bovu huruka ghafla, hukatika, au hurudia kipande kile kile. Hilo linakilie upya kutoka kwenye sidii.

Kusikiliza

Koncheto ni kazi iliyotungwa kwa mpigaji mmoja akikabiliana na okestra nzima, kwa kawaida sehemu ya haraka, ya taratibu, kisha ya haraka tena. Aliyewahi kusimama Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, kundi la Wagika upande huu na la Wagalu upande ule, anajua tayari nusu ya raha yake. Kuna manju, kuna waitikiaji, kuna kushindana na kuna kupeana nafasi.

Zima uchezaji wa kubahatisha. Zima pia nafasi ya kimya kati ya faili na faili, kama programu yako inaruhusu, kwa sababu kwenye koncheto ya fidla ya Tchaikovsky na ile ya tatu ya Rachmaninoff sehemu ya pili inaingia kwenye ya tatu bila kupumua. Tumia hedifoni au spika yenye besi. Spika ya simu inameza chelo zote. Na sauti ipime kwa mahali penye kelele kubwa, usiipime kwa mwanzo. Muziki huu unanong'ona na kunguruma ndani ya dakika moja. Kwa sababu hiyo mimi husikiliza saa kumi na moja alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza, au usiku kukiwa kimya. Mvua ikipiga bati, sahau, subiri ipite.

Uanze na ipi? Wengi wangekutajia ya kwanza ya Tchaikovsky, kwa sababu ya mlango wake mkubwa: baragumu, kisha piano inayopiga kutoka chini mpaka juu kama mtu anayepandisha ngazi ya mawe. Ni nzuri. Nikolai Rubinstein, mpiga piano wa Moscow, aliisikia usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1874 akaiponda vibaya, Tchaikovsky akakataa kuibadilisha, na ikapigwa mara ya kwanza Boston, Marekani, tarehe 25 Oktoba 1875, na Hans von Bülow. Lakini ina jambo linalomchanganya msikilizaji mgeni: ule wimbo mkubwa wa mwanzoni, baada ya dakika chache, haurudi tena kabisa. Unakaa unaungoja. Ndiyo maana mimi humpa mtu kitu kingine kwanza.

Mimi humpa sehemu ya pili ya koncheto ya pili ya Shostakovich. Aliiandika mwaka 1957 kwa mwanawe Maxim, naye akaipiga siku alipotimiza miaka 19, tarehe 10 Mei. Dakika saba tu. Nyuzi zinatangulia, taratibu, kama ziwa la asubuhi lisilo na upepo, halafu piano inaingia na wimbo mwepesi ambao hata mtoto angeuimba. Nilimpigia mama mkwe wangu, mtu wa kwaya maisha yake yote. Alinyamaza mpaka mwisho, akasema, "Huyo baba alimpenda mwanawe." Sikuwa nimemwambia chochote.

Kisha nenda kwa Rachmaninoff, koncheto ya pili, na hapa kaa. Mwaka 1897 simfoni yake ya kwanza ilizinduliwa St. Petersburg ikapokelewa vibaya mno, na kwa karibu miaka mitatu hakuweza kutunga cha maana. Mwaka 1900 alipelekwa kwa daktari, Nikolai Dahl, aliyemtibu kwa maneno na usingizi wa kuelekezwa. Kalamu ilirudi. Koncheto hii ilipigwa nzima kwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1901, mtunzi mwenyewe kwenye piano, na jina lililoandikwa kwenye utabaruku ni la Dahl.

Sasa sikia mwanzo wake. Piano peke yake, mapigo manane. La kwanza dogo sana, utadhani hujabonyeza kitufe cha kuanza. Kila moja linazidi la nyuma yake, na baada ya kila moja inagonga noti nzito ya chini, ile ile, kama kengele ya kanisa inayokusogelea gizani. Usiongeze sauti! Baada ya la nane nyuzi zinafumuka na wimbo mpana, na piano, ambayo wewe unaijua ndiyo manju, inashuka chini yao na kuwa mawimbi. Manju anawabebea waitikiaji. Sikiliza hapo mara tatu: mara ya kwanza fuata nyuzi, ya pili fuata piano peke yake, ya tatu acha kufuata.

Sehemu ya pili filimbi inatangulia na klarineti inapokea wimbo, piano ikitembea chini kwa vidole vyepesi. Usifanye kazi nyingine.

Ukishazoea, fidla ya Tchaikovsky. Aliiandika mwaka 1878 Clarens, Uswisi, baada ya ndoa yake kuvunjika. Leopold Auer, mpigaji mkubwa wa wakati ule, hakukubali kuizindua. Adolph Brodsky ndiye aliyeipiga Vienna mwaka 1881, na mkosoaji mmoja wa huko akaandika kwamba ni muziki unaonuka. Kwetu sisi tuliolelewa na fidla za taarabu sehemu ya katikati haihitaji mkalimani. Inalia kwa namna tunayoijua.

Kumrudishia mwenyewe

Mjomba hana laptop tena, na macho hayamruhusu simu. Nikamnunulia redio ndogo yenye tundu la flashi. Redio hizi zina masharti yake: flashi ifomatiwe kwa FAT32, mafaili yawe MP3, na nyingi hupiga kwa mpangilio ulivyonakili, si kwa alfabeti. Kwa hiyo futa flashi yote, kisha nakili faili moja moja kwa zamu yake. Usiburute folda nzima kwa pamoja.

Nilimwekea tisa: Rachmaninoff 01 hadi 03, fidla ya Tchaikovsky 04 hadi 06, Shostakovich 07 hadi 09. Nilipomfikishia Nyegezi nilikuta amekaa barazani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Umeleta vyuma chakavu?"

Nikachomeka. Mapigo yale manane yalipoanza aliinua kidole, akakishusha kwa kila noti ya chini, mara nane, bila kukosea hata moja. Kisha akaniuliza kama kile cha mtoto wa Shostakovich pia kimepona.

Kioo cha redio ile hakioneshi majina, kinaonesha namba tu. Siku hizi akinipigia simu jioni hanitajii mtunzi. Huniambia, "Leo nimerudia nane."